Jembe Ambalo Anord Hakulivunja

Watu wa Bumbuli wakikwambia Anord ni fundi, usidhani wanampaka mafuta. Miaka kumi na minne katika karakana ya kiwanda cha chai, hakuna chuma kilichomshinda isipokuwa kimoja, nacho kilikuwa jembe la mama yake.

Mwaka 1997 kiwanda kilikuwa kimeshauzwa kwa mwekezaji, na mwekezaji hakupenda kuagiza vipuri. Akaleta bunduki ya kupulizia kwa moto wa gesi, pamoja na makopo ya poda laini kuliko wanja: nikeli iliyochanganywa na punje ngumu. Poda ikiyeyukia juu ya meno ya mashine ya kusagia majani, chuma kilivaa ngozi mpya, na meno yaliyokuwa yakiisha kwa msimu mmoja yakadumu mitatu. Anord aliipenda kazi ile kupita kiasi. Alikipima kipande kilichopakwa kwa mizani ndogo ya dawa, akakikandamiza kwenye gurudumu linalozunguka mchangani, kisha akakipima tena kuona kimelika kiasi gani.

Halafu ilikuwapo sheria ya msimamizi wao, mzee Timotheo. Kipande cha kwanza cha kila kazi mpya kilibanwa mezani kwenye jiliwa na kupigwa nyundo mpaka kivunjike, ili waone kama ngozi imeshika au imekaa juu juu.

“Mchanga unakwambia kitaisha lini,” Timotheo alikuwa akisema. “Nyundo inakwambia kama kitakuumiza.”

Mama yake, Dorkasi, alilima kijijini Mgwashi, kwenye mteremko wenye mawe kuliko udongo. Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, maduka yalijaa majembe ya kila rangi, mepesi, yanayojikunja kama chapati. Mama alipolalamika kwamba amemaliza mawili kwa mwaka, Anord alicheka akasema atamtengenezea moja la kufia nalo. Ulimi hauna mfupa.

Akanunua jembe zuri, na Jumamosi moja mchana, wenzake wakiwa wameondoka, akalipaka poda ya kiwanda pande zote mbili, nene, maana la mama halipakwi kwa kubania. Akalijaribu kwenye mchanga. Halikupoteza hata chembe. Nyundo aliitazama tu. Jembe lilikuwa moja, na nani apige nyundo zawadi ya mama yake mpaka ivunjike? Angeweza kupaka kipande cha chuma chakavu akakivunja hicho. Vilijaa uani. Lakini sifa zilikuwa zimempanda kichwani, na kesho yake alitaka kulikabidhi baada ya ibada, majirani wakiona.

Siku ya nne Dorkasi alikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, anapalilia na wanawake wenzake. Jembe likagonga jiwe, ngozi ikabanduka, kipande kidogo kikaruka kikaingia jicho la kushoto.

Anord alimkuta hospitalini, jicho limeshafungwa bandeji, na kando ya kitanda daktari akiandika. Daktari akauliza kilichomwingia mama kilikuwa nini. Wiki hiyohiyo kiwandani walikuwa wakingoja orodha ya watakaopunguzwa, na aliyeiba poda asingesubiri orodha.

“Jiwe,” alisema Anord.

Mama alikuwa macho. Alisikia. Jicho halikupona.

Orodha ilitoka mwezi uliofuata, na jina la Anord lilikuwamo vilevile. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Anord ilikuwa na urefu wa miaka saba. Alirudi Mgwashi, akalima lile shamba la mawe kwa niaba ya mama, akambebea maji, akamjengea jiko jipya. Watu wakamsifu kwa kumtunza mzazi, na kila sifa ilimchoma. Alijuta kwa vitendo, mdomo ukabaki umefungwa, kana kwamba toba hulipwa kwa ndoo za maji.

Asubuhi moja walikuwa barazani wanapukuchua maharage. Dorkasi alipapasa kutafuta ungo uliokuwa kushoto kwake, karibu kabisa, asiuone. Anord akashindwa kuvumilia.

“Mama, lile halikuwa jiwe.”

Dorkasi aliendelea kupukuchua.

“Najua,” alisema. “Muuguzi alinipa kile kipande kwenye pamba. Kilikuwa kinang'aa upande mmoja.”

Anord akauliza kwa nini miaka yote hiyo hakumwambia.

“Nikwambie nini, baba, na wewe ndiye uliyekuwa na la kusema? Nilikuwa nakungoja.” Akausogeza ungo katikati yao. “Jicho nililililia wiki moja likaisha. Wewe nimekulilia miaka saba.”