Mpaka Kifo Kitufanye Spea

Kornel hakusoma Kiingereza, alikifungua kwa spana. Tangu ujana wake anauza spea za magari chakavu hapa mtaani Pasua, na kila neno alilonalo la lugha hiyo ni la kubomoa kitu. Remove analijua. Disconnect analijua, maana usipodiskonekti betri kwanza utajuta mwenyewe. Ukimwuliza Kiingereza cha kuunganisha, anakuambia hiyo ni kazi ya wachomeleaji. Majirani tulimwita Profesa, naye aliitika bila haya.

Basi binti yake wa pekee, Victoria, akapata mchumba Mwingereza, mchimba visima aitwaye Martin. Kijana hana neno. Anakunywa mtori, supu yetu ya ndizi, mpaka anaongezewa, na shikamoo anaitoa hata pale isipodaiwa. Kornel alimpenda, ila kuna jambo lilimnyima usingizi: harusi ilikuwa Jumamosi, na Jumapili yake Victoria anapanda ndege kwenda kuishi kwa mumewe, Ulaya. Hilo hakuna aliyelitaja mbele yake. Na yeye alijifanya amelisahau.

Alhamisi tukapanda mlimani Kibosho kufanya mazoezi ya ndoa kanisani, mimi nikiwa mshenga. Padre akasema kwa kuwa Martin ataapa kwa Kiingereza, atafutwe mtu wa kumtafsiria Bibi Bernadetha, mama yake Kornel. Hajamaliza sentensi, Profesa keshasimama. Nilimvuta koti. Hakukaa.

Martin akaanza, Kornel akafuata, na nisiseme uongo, alikwenda vizuri: katika taabu na raha, katika ugonjwa na afya. Maneno hayo Mkatoliki yeyote anayasema hata akiwa amelala. Kisha Martin akafika kwenye "till death do us part." Kornel akampima yule kijana kwa macho kuanzia viatu.

"Mpaka kifo," akasema taratibu, "kitufanye spea."

Bibi Bernadetha akauliza ni nani huyo anayefanywa spea. Padre aligeukia altare, mabega yakimtikisika. Mimi nilikohoa kikohozi ambacho sikuwa nacho.

Kornel hakucheka. "Padre, mimi part naijua, ndiyo ninayouza. Mtoto wangu simtoi akafunguliwefunguliwe huko Ulaya."

Victoria akaenda kumshika mkono. "Baba, hapo maana yake ni kutengana. Anaapa hatutatengana mpaka mmoja wetu afe."

"Wewe na huyu?"

"Mimi na yeye."

"Na mimi na wewe?"

Kicheko chote kiliniisha. Hata Martin, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi, aliinamisha kichwa.

"Jumapili, baba," Victoria akasema.

Kornel aliutazama mkono ulioshika wa kwake, akaupapasa kidogo. Alikuwa mzee mkaidi, na nilitegemea atazua jingine. Badala yake akajikohoza, akamwambia Martin, "Rudia, mwanangu. Nimeelewa sasa."

Martin akarudia. Kornel akamgeukia mama yake ili amtafsirie upya.

"Mpaka kifo," akasema, na hapo sauti ikamwishia. Victoria ndiye aliyemmalizia.