Nyumba Iliyoitikia Salamu

Kosa langu la kwanza katika uandishi lilikuwa neno moja, nalo nililitamka kwenye simu ya posta ya Makambako. Mhariri wa gazeti moja la hadithi, la Dar es Salaam, aliniuliza, "Hiki kisa ni cha kweli?" Nikajibu, "Ndiyo." Hakikuwa cha kweli. Nilikibuni mwenyewe, nimekaa juu ya tairi nyuma ya duka la vipuri nilikokuwa nikifanya kazi.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kujaribu lake. Mabasi yalishusha Makambako mitumba, redio za kaseti, na magazeti ambayo mwezi uliopita hayakuwepo. Mengi yalikuwa na ukurasa wa hadithi za kutisha, na mimi niliutamani ukurasa ule kama wengine walivyotamani baiskeli. Hakuna aliyenifundisha kuandika. Nilijifunza kwenye magazeti ya zamani tuliyofungia beringi na plagi. Bosi wangu, Mwislamu aliyehamia kutoka Kondoa, alizoea kunikuta nimeinamia kaunta.

"Kijana, hiyo beringi unaifunga au unaisomea?"

"Naifunga, bosi."

"Basi mwambie mteja akusubiri umalize ukurasa, yeye lori lake si limekufa tu."

Nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe safi. Nikikosea herufi moja nilichana karatasi na kuanza upya. Hadithi zangu za mwanzo zilijaa majini ya baharini, na mimi bahari nilikuwa sijaiona. Zilikataliwa zote. Mwisho mhariri aliniambia, "Lugha yako nzuri, ila haitishi. Tuletee kitu cha huko kwenu kwenye baridi."

Cha kwetu nilichokuwa nacho ni jirani yetu wa Njombe, bibi mjane aliyefuma masweta kwa mashine. Wateja wake wakubwa walikuwa wameshahamia kwenye mitumba. Aliishi kwa masweta ya shule tu, maana shule zilitaka rangi zao na mitumba haina sare. Sweta nililovaa Makambako alinifumia yeye. Bibi huyu alikuwa na tabia moja. Akirudi kutoka shambani, kabla hajafungua mlango, alisema kwa Kibena, "Kamwene," kama mtu anayesalimia waliomo ndani. Kisha alisubiri kidogo. Ndani hapakuwa na mtu.

Nikaandika hadithi ya mwanamke anayesalimia nyumba tupu, na siku moja nyumba ikamwitikia: "Kamwene." Nilijitahidi kumficha. Nilimhamishia Matamba, nikamfanya mfinyanzi, nikampa watoto ambao hakuwa nao. Lakini ile salamu niliiacha ilivyo. Nilijua ninachokifanya. Ndiyo iliyokuwa sentensi bora kuliko zote, na sikuwa tayari kuichana.

Mhariri akauliza swali lake, nami nikaogopa kwamba nikisema hapana atanirudisha mwanzo. Gazeti lilipotoka, juu ya hadithi yangu palikuwa na maneno makubwa: KISA CHA KWELI KUTOKA NYANDA ZA JUU. Bosi alilisoma mpaka mwisho, akalikunja. "Umeandika vizuri," akasema. "Huyo mama anajua?" Nilimwambia ni hadithi tu. "Hapa juu hawajaandika hivyo," akasema, akaenda kuswali.

Na mimi, kwa furaha yangu, nilipeleka nakala Njombe kwa mkono wangu mwenyewe. Mama yangu alisoma nusu ukurasa, akanitazama.

"Huyu si jirani?"

"Hapana, mama. Huyu ni wa Matamba. Anafinyanga vyungu."

"Mwanangu, Matamba wanasema kamwene mlangoni?"

 Ungedhani mimi ninayechana karatasi kwa herufi moja ningekumbuka kwamba Matamba ni kwa Wakinga, na salamu ile ni ya kwetu Wabena. Watu wa Njombe hawakuhitaji muda kulibaini.

Niliona matokeo kwenye mnada wa sadaka. Katika usharika wetu, ibada ikiisha, watu hutoka nje na vile vilivyotolewa kama sadaka hunadiwa: mayai, kuku, ndoo ya viazi. Bibi alikuwa ametoa sweta la mtoto, la kijani, lenye mikono mirefu. Mnadishaji alilinyanyua juu. Alikuwa mtu wa utani, na alilitangaza kama kawaida yake: "Sweta hili! Mtoto akilivaa hata kamasi zinaona aibu!" Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetaja bei. Mama mmoja aliyekuwa mbele alimvuta mtoto wake nyuma ya kitenge. Mnadishaji aliliweka chini, akachukua kabichi, na sauti zikarudi.

Nilikuwa na pesa mfukoni na sikufungua mdomo. Niliogopa kwamba nikilinunua mimi, hata wasiojua mwandishi ni nani watajua. Hilo ndilo ninaloliona baya zaidi, kuliko hata ile ndiyo ya kwenye simu.

Niliporudi Makambako nilimpigia mhariri, nikamwomba aandike kwamba kisa kile ni cha kubuni.

"Unataka nitangaze kuwa gazeti langu linadanganya? Kijana, wasomaji wanauliza nyumba ilisema nini tena. Leta sehemu ya pili!"

Nilikata simu, lakini sitadanganya tena hapa: kabla sijafika dukani nilikuwa nimeshapata sentensi ya kwanza ya sehemu ya pili, na ilikuwa nzuri. Niliirudia kichwani siku kadhaa. Iliponishika mpaka nikakaribia kuchukua kalamu, niliomba ruhusa kwa bosi nikaenda Njombe.

Bibi alikuwa mbele ya mashine yake, haifumi. Alinikaribisha, akaniambia nikae.

"Wanasema ni wewe."

"Ni mimi, bibi."

"Nyumba yangu iliitikia nini?"

"Iliitikia kamwene."

Akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Ungekuja kuniuliza, mwanangu. Babu yako, marehemu mume wangu, alipolala kitandani mwaka ule wote akiumwa, nilikuwa nikitoka shamba namsalimia pale mlangoni asishtuke. Naye anaitikia. Akishaitikia ndipo naingia. Baada ya hapo mdomo ulizoea. Nyumba haijaitika hata mara moja. Ingeitika, ningelia nini?"

Nikamwambia nimekosa. Akaniuliza nitafanyaje. Nikasema nitamnunulia nyuzi.

"Nyuzi ninazo. Nimekosa wa kumfumia. Watoto wanajibanza kwenye ua jioni wasikie nikisalimia, siku hizi naingia kimya kama mwizi. Ulisema mbele ya watu wengi, nenda ukaseme mbele ya watu wengi."

Jumapili iliyofuata nilimwomba mnadishaji nafasi kabla ya mayai.  Nilisema kisa kile nilikitunga mimi, nyumba haikuitika, bibi hana kosa lolote, na gazeti liliandika ni kweli kwa sababu mimi nilisema ni kweli. Nilikuwa nimeyaandaa maneno, nimeyapanga vizuri, na yote yalitoka ovyo.

Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Sasa tukuamini lini, ndugu mwandishi? Ulipoandika, au leo?"

Watu wakaangua kicheko.  Mama yangu ndiye aliyesogea mbele akauliza sweta la kijani liko wapi, akataja bei. Mama mwingine, mwenye mtoto wa darasa la kwanza, akaipandisha. Likaondoka na huyo mwingine.

Baadhi ya wazazi walirudi kupima watoto kabla shule hazijafunguliwa. Wengine hawakurudi, na sijui kama ni kwa woga au walishazoea kununua kwingine. Bibi ananipokea nikienda. Nimepita mbele ya nyumba yake jioni mara nyingi tangu hapo, na sijamsikia tena akisalimia mlango.

Sehemu ya pili sikuiandika. Bado natunga hadithi za kutisha, chache zimechapwa. Kitu cha mtu nikikitaka, naenda kwanza kumwomba, na akikataa nakiacha. Mhariri akiniuliza kama kisa ni cha kweli, nasema hapana.