Mkebe Uliolala Juu ya Sanda ya Haboba

Kwanza niwataje waliokuwepo siku ile, maana nikinyamaza mimi hakuna mwingine wa kuwataja. Tulikuwa Nalufenya, kule Jinja. Alikuwepo mama yangu, Hadija. Alikuwepo Zenabu, mama mzazi wa baba, tuliyemwita haboba kama sisi Wanubi tunavyowaita bibi zetu. Alikuwepo mdogo wangu Juma, amelala na surua. Alikuwepo jirani yetu Bi Mastula, mke wa sajini, aliyeingia na mama akatoka bila kuaga. Na nilikuwepo mimi, Asha. Baba yetu Rajabu hakuwepo. Alikuwa Burma, kwenye vita vya Mjapani, na kutokuwepo kwake ndiyo habari yenyewe.

Nimekumbushwa na harufu. Juzi hapa Mbale mjukuu wangu Shamimu alifungua mkebe wa maharage ya dukani, yale ya mchuzi mwekundu wenye utamu. Harufu ile ya nyanya, sukari na bati ilinifikia uani nikichambua mchele, na ungo ukaniponyoka. Kuku walifurahi sana.

Baba alikuja likizo mara moja tu kabla ya kuvuka bahari. Alikuja na mikebe miwili yenye karatasi ya kijani kutoka stoo ya jeshi, ameifunga ndani ya fulana. Haboba aliitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyelala.

"Ndani kuna nguruwe," alisema.

"Mama, hakuna. Mpishi wetu anajua kusoma, amenisomea maandishi yote."

"Huyo mpishi anasali?"

"Anasali, Mama, kuliko mimi."

"Hilo si gumu," alisema haboba, na baba akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Mkebe wa kwanza tukaula. Mama alikaanga kitunguu kwa samli, akaweka pilipili, akamwagia maharage juu yake, tukala na gurusa, ule mkate wetu mwembamba unaookwa juu ya chuma. Haboba alionja, akatafuna polepole, macho juu. "Maharage na sukari! Hawa Wazungu chai yao wanatia chumvi?" Lakini nilimwona akifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha gurusa, na sahani yenyewe haikuwa yake.

Mkebe wa pili baba akaushika mkononi, akaupima uzito, akampa haboba. "Huu msiufungue," alisema. "Tutaula pamoja nikirudi."

Maneno ya mtu anayeaga ni mepesi kwake. Anaowaacha ndio wanaoyabeba. Haboba alikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake sanda aliyojinunulia mwenyewe, imekunjwa na udi. Mkebe akaulaza juu ya sanda. Alisema hivyo ni vitu viwili vya kungojwa, na cha kungojwa hakionjwi. Kila Ijumaa baada ya sala aliutoa, akaupaka mafuta ya simsim kutu isiushike, akaugeuza chini juu, akautikisa karibu na sikio. Ndani kulilia kidogo, chwa, chwa. Hapo alikuwa akisema, "Rajabu yuko," na kuurudisha. Mimi, ambaye nilikuwa ndiyo kwanza nimeng'oka meno ya mbele, niliamini kabisa. Ijumaa moja nilimwomba haboba anipe nami nisikilize, nikamsalimia baba kwenye bati.

Vita vikarefuka. Sukari ikaadimika, unga wa posho ukaja na wadudu wake, na nguo tulivaa mpaka zikaonyesha ukuta wa upande wa pili. Kisha surua ikaingia mtaani. Juma ikampata vibaya. Siku tatu hakumeza hata uji. Midomo ilipasuka, macho yakafunga kwa usaha, na akawa hana sauti ya kulia. Siku ya nne asubuhi alijigeuza, akaniambia, "Dada, nataka maharage ya baba."

Haboba alikuwa ametoka kutafuta majani ya kumkogesha. Mama alikuwa ameitwa kambini na askari aliyekuja na baiskeli, na Bi Mastula alimfuata mbio bila viatu. Nyumba ilikuwa na mimi na Juma tu.

Nilisimama mbele ya sanduku muda mrefu. Nilijua nikifungua, baba harudi. Nilijua pia, kwa kuwa nilikuwa nimeona watoto wawili wa mtaa wetu wakibebwa wiki ile, kwamba nisipofungua, Juma anaondoka. Nikamwambia baba moyoni, wewe ni mkubwa, una bunduki. Kisha nikachukua kisu cha nyama na jiwe.

Kisu kiliteleza kikanikata hapa, chini ya kidole gumba. Alama ipo mpaka leo. Nilikaanga kitunguu kama nilivyomwona mama akifanya, nikaponda maharage kwa mwiko, nikampoozea Juma kwa pumzi yangu. Alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Cha tatu akakishika mwenyewe.

Hapo ndipo mama alipoingia, Bi Mastula amemshika mkono kama anavyoshikwa kipofu. Mama aliangalia mkebe, akaangalia damu mkononi mwangu, akamwangalia Juma na mdomo wake mwekundu. Nikajikunja kusubiri kofi. Mama akakaa chini. Akakata kipande cha gurusa ya jana, akakipitisha ndani ya sufuria, akala. Machozi yalikuwa yakimshuka wala hayafuti.

"Kuleni, wanangu," alisema. "Kuleni yote. Ni ya baba yenu."

Nikala. Sikusikia ladha ya kitu.

Haboba alirudi na majani yake. Alipouona mkebe mtupu, majani yakaanguka. "Nani amefungua? Nani?"

Nilifumbua mdomo. Mama akanitangulia. "Mimi, Mama. Ni mimi."

"Hadija! Umemuua mwanangu!"

Mama aliinuka, akamwingiza haboba chumbani kwa mabega, akafunga mlango. Nilisikia mnong'ono. Baadaye nikasikia haboba akilia sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu. Kesho yake mama alivua bangili, akavaa nguo nyeupe za eda, akakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hakuna aliyeniambia kitu, wala hakukuwa na haja. Nilijua mwenyewe nilichokifanya.

Juma alipona. Haboba hakumsemesha mama mpaka alipozikwa na ile sanda yake. Vita vilipokwisha tulihamia Nakaloke kwa mjomba, mama akasuka vikapu vya rangi na kuvipeleka soko la Mbale, tukaanza tena kuwa watu. Lakini mimi maharage sikuyagusa. Nilipoolewa, mama mkwe akaniona nageuza uso sufuria ikichemka, akawatangazia majirani nina mimba. Kwa mwaka mzima waliniangalia tumbo.

Nilikuwa nimeshazaa mara nne nilipomwambia mama. Tulikuwa tukichambua ukindu, sikupanga kusema. "Mama, mimi ndiye niliyemuua baba."

Alicheka kwanza. Aliponiona usoni akaacha.

"Asha, karatasi ya jeshi nilikuwa nayo ndani ya kanga nilipoingia. Baba yako alikufa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Wewe ulifungua mkebe Idi imeshapita. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Ijumaa ngapi haboba alikuwa ametikisa bati na kusema yuko, na hayuko.

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Yule mama alitaka mtu wa kumlaumu. Ningemwachia mtoto?" Akavuta ukindu mwingine, akaulowesha. "Njia nzima kutoka kambini sikuwa nikilia, nilikuwa nawaza ule mkebe. Sasa nitaufanyaje? Nani ana mkono wa kuufungua? Nikafika nikakuta umeshafungua, na mtoto anakula."

Mimi nilidhani miaka yote ile nimemvunjia baba ahadi, kumbe nilimpunguzia mama mzigo mmoja mlangoni.

Juzi nilimwambia Shamimu anipakulie. Nilikula kidogo. Bado ni matamu kupita kiasi, haboba alisema kweli.

Sasa, nyinyi mnaosoma, nami nina umri wa kuchanganya mambo. Karatasi ya mkebe nasema ilikuwa ya kijani, labda ilikuwa ya buluu. Mume wa Bi Mastula nasema sajini, huenda alikuwa koplo. Mwenye kujua anisahihishe, sitaona haya. Na kama yupo ambaye babu yake alikuwa na Rajabu wa Nalufenya huko Burma, akawaachia neno lolote, naomba aniletee: je, baba alikuwa akiutaja ule mkebe, au alikuwa ameshausahau?