Kaske Yangu ya Bidoni

Nicheke kwanza mimi mwenyewe kabla nyinyi hamjaanza, maana mimi ndiye yule msichana aliyebebwa mzobemzobe hadi ndani ya chuo akiwa mwekundu kuanzia utosi hadi kidevu, na kichwani sikuwa na hata mkwaruzo. Aibu niliipata, siikatai. Lakini nisitwishwe kosa lote peke yangu.

Chuo chetu hapa Rumonge kilibandika amri langoni: baiskeli haiingii bila taa mbele na nyuma, na mwenyewe haingii bila kaske, ile kofia ngumu ya watu wa pikipiki. Sawa, vichwa ni vyetu na malori ya barabara ya Bujumbura hayana huruma, lakini kaske tungeitoa wapi? Wenzangu waliazima kwa madereva wa pikipiki, na kaske za hao (mnazijua, zimevaliwa na abiria wote wa mji) mimi siziweki juu ya kitambaa changu cheupe cha kichwani nikashinda najikuna. Kuiacha baiskeli nje ya lango nako ni kumzawadia mwizi, na mama huitegemea hiyo hiyo kubebea mawese yake sokoni.

Basi asubuhi ya mtihani wa mdomo, ambao ukiukosa unarudia mwaka mzima, nikachukua bidoni tupu ya mawese, yaani dumu la plastiki, nikaikata kwa kisu, nikatoboa matundu, nikapitisha kamba ya chini ya kidevu, nikaivaa. Ikanikaa! Tochi moja nikaifunga mbele, nyingine nyuma, nikajiona fundi. Bidoni nilikuwa nimeisuuza kwa maji baridi ya ziwa, na hapo ndipo nilipojimaliza, mimi mtoto wa muuza mawese, niliyekua nikiambiwa kila siku kwamba mawese yakishaganda hayatoki bila maji ya moto.

Jua likafanya kazi ya maji ya moto. Napanda kilima cha chuo, kitu cha uvuguvugu kinateremka kwenye paji, nadhani ni jasho, kinaingia jichoni, kinawasha, napangusa, mkono unarudi mwekundu, nashtuka, naachia usukani, na pale pale mbele ya lango, chuo kizima kikiangalia, nikaanguka kichwangomba.

"Mungu wangu, mutoto anakufa!" akapiga kelele mama mmoja muuza ndizi.

"Ni mawese!" nikasema. "Siko na kidonda, ni mawese!"

"Masikini, kichwa kimeguswa. Anaanza kuita chakula."

Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonihurumia. Huyu akakamata miguu, yule mabega, na mzee mmoja akainama sikioni akanisihi nitamke shahada (nikaitamka, maana kuikataa wakati ule kungezua mengine), baiskeli ikabebwa nyuma yangu, hadi chumba cha wagonjwa. Muuguzi akafuta mara moja, akainusa pamba, akanitazama.

"Huyu hana ugonjwa. Mumuletee sabuni."

Watu walicheka hadi wakashika kuta. Mimi nilitaka kulia, na ningelia kweli, ila mkuu wa nidhamu akaingia na bidoni yangu mkononi, imepasuka vipande viwili.

"Mademuazeli, unacheza na reglema yetu ya langoni? Hii si kaske. Wewe na baisikeli yako, inje."

"Shefu, mutihani wangu iko sasa hivi."

"Haukuruhusiwa kuingia."

Hasira ikanikausha machozi. "Mimi sikuingia, Shefu. Mumeniingiza. Na uangalie vizuri: bidoni imepasuka, kichwa hakikupasuka. Kaske inafanyaka kazi gani ingine?"

Akavigeuza vile vipande viwili, akavitazama. Kabla hajaviweka chini nilikuwa nimeshafika mlangoni kwa mwalimu wa mtihani, uso unang'aa, kitambaa rangi ya mchuzi, nanuka jiko la sikukuu. Mwalimu akasogeza kiti chake karibu na dirisha, akaniuliza maswali yote, nikayajibu yote. Nilifaulu.

Tangu siku ile naitwa Mawese, na wauza samaki nao wamelidaka jina hilo. Waniite. Bidoni nyingine nimeshaikata, na hii ilikuwa ya maji ya kunywa. Ila nimeapa jambo moja: sitaingia tena chuoni nimebebwa. Wakitaka kunizuia, wanizuie nikiwa nimesimama.