Pamba ya Kwenye Koili

Ansbert, mhasibu aliyehamishiwa Bariadi, Simiyu, hakununua koili, zile waya za kupashia moto, za sigara yake ya umeme. Za nini, naye mikono anayo? Alizungusha waya kwenye bisibisi, akaupima kwa betri mpaka ukaiva mwekundu. Ikabaki pamba ya kunyonya majimaji yanayogeuka moshi. Simiyu, pamba utaikosaje? Akanyofoa kidogo kwenye gunia la mwenye nyumba wake, Mama Milembe, lililotoka shambani Nkoma. Akatoa mbegu, akaipachika pamba kwenye koili, akavuta kwa madaha.

Kikohozi kikamkamata mpaka akashika ukuta. Mama Milembe akatoka jikoni, akalitazama gunia, akamtazama na yeye.

"Baba, hiyo tumeipulizia dawa ya kuua funza wa vitumba."

"Sasa mayu," Ansbert akamwita mama kwa Kisukuma, "nitakufa?"

"Sijui. Funza huwa hawakohoi."