Tuzo ya Kilio Katika Ploti ya Simel

"Huyo marehemu si wako, Mama Beverlyne. Mtu hawezi kushinda na maiti ya wenyewe."

Munyiva alisema hivyo akiwa amejinyoosha kwenye kochi, mkono mmoja umekumbatia kinyago cha moran, shujaa wa Kimaasai, kilichopakwa rangi ya dhahabu. Nakhumicha alikuwa mbele yake, lakini chini, amekalia mtungi wa maji wa plastiki, na alimtazama vile mtu hutazama mbuzi wa jirani akiwa katikati ya sukuma wiki zake. Kwenye televisheni ya Simel, mwenye ploti, picha ilikuwa imesimamishwa. Ilimwonyesha huyo huyo Nakhumicha, matope mpaka kifuani, amekumbatia jeneza la mtu kana kwamba linataka kutoroka.

"Nililia ama sikulia?" Nakhumicha aliuliza.

"Ulilia. Lakini ulilia kwa watu."

Sasa, ploti ya Simel iko Kitengela, upande ule ambao mvua za El Niño ziligeuza udongo mweusi kuwa uji. Mwaka huo ulikuwa ukitoka dukani na viatu viwili unafika nyumbani na kimoja, kile kingine unakipata Pasaka. Wapangaji walikuwa Waluhya, Wakamba na Mjaluo mmoja, watu wa mishahara ya viwanda vya Athi River, na kila Desemba walitawanyika kwenda makwao kuzika, kuoa na kubatiza. Siku hizo hakuna jambo la maana lililofanyika bila mtu wa video. Kwa hiyo Januari kila nyumba ilirudi na kaseti yake. Mashine ya kuionyesha ilikuwa moja tu, ya Simel, ambayo aliinunua kwa bei ya fahali mmoja mkubwa sana. Wanasema fahali huyo alipopakiwa, lori lilikaa chini kwanza, likafikiria, ndipo likaondoka.

Watu walijazana kwa Simel Jumapili baada ya kanisa kutazama mashangazi wa wengine wakianguka. Na huko kutazama ndiko kulizaa tuzo. Beverlyne, binti ya Nakhumicha, alikuwa ameona kwenye habari kwamba ng'ambo wazungu hukutana kila mwaka wakampa sanamu ya mtu wa dhahabu yule aliyeigiza kuliko wenzake, na aliyepewa hulia akamshukuru mamake. Beverlyne akasema, kwani sisi hatuna waigizaji? Mulwa, mumewe Munyiva, ambaye huchonga vinyago vya maduka ya watalii barabara ya Namanga, akaleta kinyago cha moran kilichovunjika mkuki, kikapakwa rangi iliyobaki ya geti. Simel akafanywa jaji kwa sababu yeye hana shangazi hata mmoja kwenye kaseti hizo. Naye akaongeza zawadi yake: mshindi atakalia kochi kila Jumapili, mwaka mzima, hata aje nani. Wengine kila mtu ajitafutie.

Basi kinyago kilikuwa urembo tu. Vita vilikuwa vya kochi. Mgongo wa Nakhumicha ulikuwa mgongo wenye maneno. Ulijua mvua kabla ya mawingu, na ulijua kila mshono wa ule mtungi kuliko Nakhumicha alivyojua majina ya wajukuu wake. Munyiva alikuwa ameshinda mwaka wa kwanza kwa kuzimia kwenye harusi ya mpwa wake Mutheu huko Masii. Mwaka wa pili alizimia kwenye sherehe ya kufuzu kwa mtoto wa jirani, akaamka, akapanga sketi yake, akazimia tena upande ambao kamera ilikuwa imehamia. Safari hii alikuwa amezimia kwenye ubatizo, na mtoto mwenyewe, mwenye kubatizwa, aliacha kulia ili amtazame.

Tangu mwaka mpya watu hawakuwa na hadithi nyingine. Kwenye mfereji wa maji, kwenye kamba za nguo, kila mtu alikuwa akitabiri nani atabeba. Ondiek, yule Mjaluo, ambaye amesikiliza mpira kwenye redio mpaka sauti yake imekuwa ya mpira, ndiye aliyekuwa mtabiri mkuu. Alisema Munyiva ni bingwa, hapana ubishi, lakini mchezo wake umeshajulikana na jaji anaweza kutaka mguu mpya uwanjani. Alisema pia watu wasimsahau yeye mwenyewe. Katika mazishi ya mjomba wake alionekana kiwiko peke yake, pembeni ya picha, lakini kile kiwiko, alisema, kiko na huzuni.

Halafu kulikuwa na mbuzi wa kutoka Rombo. Huyu alitokea kwenye harusi ya mtoto wa rafiki ya Simel, akatafuna waya wa kipaza sauti pale pale bibi harusi alipofungua mdomo kukubali, huku akiitazama kamera bila kupepesa jicho. Mpaka leo hakuna anayejua kama yule msichana alikubali. Mbuzi alipendwa sana. Hata Beverlyne alikuwa upande wake. Alisema wale wengine wanazidisha, lakini mbuzi anaigiza kwa macho. Nakhumicha aliyasikia hayo, na wiki hiyo mboga ya nyumba hiyo haikuonja chumvi.

Ndipo Ijumaa ikafika kaseti ya Nakhumicha, imetumwa kwa dereva wa basi la kutoka magharibi pamoja na jogoo mzima. Jogoo alimaliza kazi yake siku hiyo hiyo. Kaseti iliwekwa mwisho Jumapili. Nakhumicha wa kwenye televisheni aliingia boma akilia kutoka getini, akakimbia upande huu, akakimbia upande ule, akajitupa kwenye matope, akainuka na matope, akalishika jeneza, akaomba kipaza sauti. Alieleza jinsi marehemu alivyomvusha mto uliofurika akiwa msichana. Wanasema mvua iliyokuwa ikinyesha huko ilisimama kidogo ili isikie. Sebuleni kwa Simel, Ondiek alijifuta machozi kwa kile kiwiko chake maarufu, na hata Munyiva alishika kinyago kwa nguvu, kama mtu ambaye kondakta amemwambia ashuke.

Halafu Beverlyne akaharibu kila kitu. Aliuliza kwa sauti, bila nia mbaya, mbona hapa si kwa Baba Mdogo Wamalwa.

Yeye ndiye aliyekuwa kwenye mazishi ya Baba Mdogo Wamalwa. Alikuwa ameshinda siku nzima akimtafuta mamake, na baadaye akaambiwa basi lilikwama. Hapo ndipo Munyiva alipokaa vizuri kwenye kochi na kusema maneno yale ya maiti ya wenyewe, na Nakhumicha akalazimika kueleza.

Ni kweli basi lilikwama. Daraja lilikuwa limemezwa, wasafiri wakashushwa njiani, na Nakhumicha akapanda baiskeli ya bodaboda akamwambia kijana ampeleke kwenye matanga. Nani angefikiria kutaja jina? Mwanamke mwenye leso nyeusi akisema matanga, ni matanga. Kijana akampeleka ya karibu. Na Nakhumicha, kama ilivyo desturi ya mtu aliyechelewa kumlilia shemeji, alianza kulia kabla baiskeli haijasimama, macho yakajaa maji, asione picha iliyowekwa juu ya meza. Alikuja kugundua wakati historia ya marehemu ilipokuwa ikisomwa. Wakasema Mzee Nalianya alikuwa mrefu na alikuwa msimamizi wa josho la ng'ombe. Shemeji yake Wamalwa alikuwa fundi wa cherehani, na mfupi, hata jeneza lake lilikuwa la vijana.

"Sasa ningefanya nini?" Nakhumicha aliwauliza watu wa sebuleni. "Niseme samahani, nirudishieni machozi yangu?"

Alisema huwezi kukata kilio katikati. Hilo ni tusi kubwa kuliko kutokuja. Kwa hiyo aliendelea. Na watu wa pale, walipoona mama amelia hivyo, wakasema huyu lazima ni dada wa mzee aliyepotelea upande wa Nairobi, wakampa kipaza sauti, wakampa kuku, wakamuuliza anakaa wapi ili wamtumie kaseti.

Munyiva alicheka mpaka kochi likalia. Alimwambia jaji afute hiyo filamu kabisa. Mwaka ujao, alisema, watu wataanza kuzurura kutafuta maiti kama watafuta kazi.

Lakini Nakhumicha alikuwa ameshauona mlango, na aliuingia na mgongo wake wote.

"Mzee Simel, wewe ndiwe jaji, nisikilize. Huyu Mama Muteti hapa kwenye kochi alizimia kwa mpwa wake. Huyo ni damu yake, lazima azimie. Mtu akilia kwa ndugu yake, huyo amefiwa tu, haigizi chochote. Mimi nilimlilia mtu nisiyemjua hata kwa kivuli. Kama hiyo si kuigiza, ni nini?"

Sebule iliguna. Ondiek, kwa sauti ya mpira, alisema hilo ni bao. Hata Beverlyne alionekana kumwacha mbuzi kidogo.

"Hiyo si kuigiza, ni uongo," Munyiva alisema.

Simel alikuwa mtu wa kutafuna maneno pole pole, kama ng'ombe wake. Akamgeukia Munyiva.

"Na tofauti iko wapi?"

Munyiva akasema yeye akizimia huwa anazimia kweli. Simel akamuuliza na ile sketi, nani aliipanga. Ikawa Munyiva anatazama dari. Mbuzi, Simel alisema, anamheshimu sana, lakini mbuzi alikuwa na njaa, na mwenye njaa pia haigizi. Halafu akainuka, akanyoosha mkono, na Munyiva, kidole kimoja kimoja, akakiachilia kinyago. Simel akakiinua juu kidogo ili kila mtu akione. Nakhumicha alikuwa ameshaanza kunyanyuka kutoka kwenye mtungi, mkono kwenye kiuno, macho kwenye kochi.

"Yieyo," Simel alisema, maana ndivyo alivyomwita, mama. "Mimi nimeona ya kwamba..."

Mlango ukabishwa, na kabla ya mtu kuitika ukafunguka. Alisimama kijana mrefu sana, matope mpaka magotini, kiatu kimoja mkononi. Akasalimia, mulembe. Akasema anaitwa Wakhungu, mwana wa marehemu Mzee Nalianya, ametoka mbali tangu jana, na ameambiwa katika ploti hii kuna mama fulani.

Hakuhitaji kumaliza. Aliiona televisheni, akaona picha ya boma lao na jeneza la baba yake, na akamwona mama mwenyewe, mzima, ameinama juu ya mtungi kama anayetaka kupiga mbio.

"Senge," alisema. Huko kwao hivyo ndivyo shangazi anavyoitwa.

Munyiva aliinuka haraka kumpa mgeni kochi. Kijana akakataa. Alishangaa sana kuona mzazi kama huyu amekalishwa kwenye plastiki, akamshika Nakhumicha kwa mikono miwili kama yai, akampeleka kwenye kochi na kumkalisha, akaweka mto nyuma ya kiuno chake. Ulikuwa mto laini. Mgongo wa Nakhumicha, ambao ulikuwa umenena miaka miwili, ulinyamaza papo hapo. Munyiva naye, bila kinyongo chochote usoni, akavuta mtungi karibu sana, akakaa, akakunja mikono magotini ili asipitwe na neno.

Wakhungu alichutama mbele ya kochi. Alisema anaona aibu kidogo, lakini ametumwa na mamake. Tangu mazishi mamake halali. Kwa sababu marehemu, Senge, kama unavyojua, alikuwa akiogopa maji maisha yake yote. Hakuwahi kuvuka hata mfereji. Kwenye josho alisimamia kutoka kwenye kilima, na kuoga alikuwa akishurutishwa.

"Mama amesema nisirudi bila kujua ni mto gani," kijana alisema, "na ilikuwa mwaka gani, na kwa nini alikubeba wewe."

Beverlyne aliangalia sakafu, Ondiek akaangalia kiwiko chake. Nakhumicha alitoa leso polepole, akaipeleka machoni, akaona Munyiva anamtazama kwa makini, kama jaji, akairudisha kifuani. Simel, ambaye bado alikuwa na kinyago hewani, alitafuta kwa mkono mwingine kitufe cha kuzima televisheni, na kwa haraka akabonyeza kile cha kuendelea.

"Alinibeba mgongoni!" Nakhumicha wa kwenye televisheni alilia, akijipima shingoni kwa mkono wa matope. "Maji yalikuwa hapa! Na alikuwa akiimba!"

Kijana aligeuka taratibu kutoka kwenye televisheni, akarudisha macho kwenye kochi, akangoja.