Chini ya Lori, Mbugani Wembere

Harufu ya gunia lililolowa maji hunirudisha mtaa wa Kambarage, Shinyanga, kila ninapoikuta. Juzi nilikuwa sokoni, mvua ikawashtukiza wachuuzi wa mpunga, magunia yao matupu yakalowa juu ya mkokoteni. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Dirisha la chumba nilichokulia, ndugu zangu, halikuwa na pazia. Lilikuwa na gunia, na bibi yangu alilimwagia maji kila jua lilipopanda, ili chumba kipoe na mwanga usinifikie.

Nilizaliwa saa sita mchana, wakanipa jina la Limi, yaani jua kwa Kisukuma. Kisha wakaniangalia vizuri. Nilikuwa mweupe kama unga wa muhogo, hata kope zangu. Siku hizi wanatuita watu wenye ualbino. Miaka ile ya sabini nilikuwa zeruzeru tu, na hilo jua nililopewa jina lake ndilo lililonibabua ngozi kila nilipochungulia nje. Ukubwani nimelicheka sana jina hilo. Utotoni halikunichekesha.

Mchana kutwa nilikaa ndani. Mji wa Shinyanga niliujua kwa masikio: mlio wa treni, kengele za baiskeli, muuza mafuta ya taa akiita kwa sauti ya puani, na watoto wakitoka shule wakiimba. Jua likizama bibi alifungua mlango, nikatoka uani. Watoto wa jirani waliponiona walijitemea mate kifuani ili wasije kuzaa mtoto kama mimi, kisha wakaniita tucheze. Hawakuona ubaya wowote, nami nilikwenda mbio. Muda wenyewe ulikuwa mfupi.

Baba alikuwa dereva wa lori la kubeba mashudu ya pamba. Akirudi safari alinuka vumbi na grisi, na kabla hata ya kuoga aliingia chumbani kwangu, akaketi sakafuni. Hapo ndipo safari yetu ilipoanza kupangwa. Alisema atanipeleka Singida kwa njia ya mbuga ya Wembere, mahali alipopaita jangwa lake. Alikuwa na vizibo vya soda mfukoni, na kila kituo cha safari alikiwekea kizibo kimoja juu ya sakafu.

"Hapa Tinde," alisema. "Kuna mkwaju mkubwa, na chini yake mama mmoja anauza uji wa ulezi."

"Kivuli chake kinatutosha?"

"Kinatutosha sisi na lori."

Nzega palikuwa na duka lenye kibaraza kipana. Igunga palikuwa na banda la chai lililoezekwa nyasi. Baba alikuwa amechagua vituo kwa vivuli vyake, na mimi niliuliza habari za kila kivuli kama mtu anayenunua ng'ombe: kina upande gani, kinahama saa ngapi, kuna watu wengi? Mbele ya Igunga sakafu ilibaki tupu.

"Na hapa?"

"Hapo ndipo Wembere. Hakuna kitu."

"Hata kichaka?"

"Hata kichaka. Ardhi imepasuka, vumbi linasimama wima na kutembea. Na mbele yako unaona ziwa, maji yanameta. Ukilifuata linakukimbia."

"Maji yanakimbiaje, baba?"

"Si maji, ni mazigazi. Jua linakuchezea macho tu. Lakini usiogope, tutapita kabla halijakomaa."

Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani isipokuwa kuyaona maji yanayokimbia. Baada ya Wembere kulikuwa na mlima Sekenke, ambako alisema lori hupanda likilia, kisha mawe ya Singida yaliyobebana, na ziwa lenye ndege wa rangi ya waridi. Kizibo cha mwisho alikiweka mbali, karibu na mguu wa kitanda.

"Hapo ndipo tunapofika. Kuna nyumba ndefu ina kibaraza pande zote."

"Nani anakaa humo?"

"Watoto," alijibu, akaanza kuvikusanya vizibo.

Siku moja nikamuuliza kwa nini tusielekee upande wa Ushirombo. Yeye mwenyewe alishanisimulia kwamba barabara ya kwenda Geita ina misitu huku na huku, na misheni ya huko ina miti ya kutosha mji mzima. Kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo ingekuwa safari. Baba alivirudisha vizibo mfukoni.

"Huko hakuna tunachokitafuta, mayu," alisema. Mayu ni mama, na ndivyo alivyoniita akiwa na huzuni.

Bibi hakuitaka safari hiyo hata kidogo. Nilimsikia jioni moja akigombana na baba jikoni.

"Huyu mtoto ni wa ndani," alisema. "Mkimtoa, mtanirudishia nini?"

"Mama, atakaa nyuma ya gunia mpaka lini? Mpaka wewe ufe?"

"Mpaka nife," bibi alijibu, na nikasikia mwiko ukigonga sufuria.

Mama yangu hakuwa na upande. Ndivyo nilivyodhani. Alikuwa akishona. Alinishonea magauni ya mikono mirefu ya kitambaa kizito, moja baada ya jingine, mpaka nikaamini kila kituo kitakuwa na gauni lake. Nilijiona bibi harusi.

Mwishoni mwa kiangazi utingo wa baba alishikwa na malaria, nafasi ikapatikana mbele ya lori. Tuliondoka alfajiri, mimi katikati, mama dirishani. Bibi hakutoka kutuaga. Alimpa mama kofia pana ya ukindu, akaingia ndani na kufunga mlango.

Tinde palikuwa na mkwaju kweli, na uji kweli, na wanywaji wakaacha kunywa wakanitazama. Sikujali, nilikuwa nahakiki kivuli. Lakini karibu na Nzega tulipata pancha, na kuiziba kukatumalizia asubuhi yote. Tulipoiacha Igunga jua lilikuwa juu. Mama akanitundikia khanga dirishani. Tukaingia Wembere, na baba akaendesha kwa haraka ambayo mashimo ya barabara ile hayakuipenda. Tukasikia mlio wa chuma kukatika. Injini ikaendelea kunguruma, magurudumu yakakataa.

Baba alishuka, akaingia chini, akatoka, akashika kiuno.

"Shafti imekatika."

Aliyatoa magunia ya mashudu yaliyokuwa matupu, akayalowesha kwa maji ya dumu moja, akayaning'iniza kuzunguka lori. Dumu la pili alituachia la kunywa. Mimi na mama tukatambaa tukaketi uvunguni. Haukupita muda likaja lori la kurudi Nzega, baba akalisimamisha ili akatafute shafti nyingine.

"Mtoto asitoke," alimwambia mama.

"Nenda tu, Baba Limi."

Hivyo nikawa nimetoka kwenye chumba changu, nimevuka nchi nzima niliyoijua kwa vizibo, nikaishia kwenye chumba kidogo zaidi, ambacho dari yake ilidondosha mafuta. Nililia kwa hasira. Nikivuta pembe ya gunia niliiona Wembere yote: ardhi ya kijivu iliyopasuka, hakuna mti, hakuna ng'ombe, anga limekaa juu yake bila kitu cha kulishikilia. Kisha nikayaona maji. Yalikuwa mengi, yanameta, na ndani yake kulikuwa na kitu kama minazi inayotikisika, ingawa sikuwahi kuona mnazi ila kwenye kalenda. Nikaanza kutambaa kutoka. Mama alinidaka kifundo cha mguu.

"Nataka kuyagusa."

"Hayagusiki. Kaa na mimi, Limi. Leo tu, kaa na mimi."

Nilikaa. Mama alifanya mambo ambayo nyumbani hakuwa na nafasi ya kuyafanya. Alinisuka nywele, akazifumua, akazisuka upya. Alinisimulia siku niliyozaliwa, kwamba mkunga alinyamaza sana, na yeye akadhani nimekufa, akaletewa mtoto mzima anayepiga kelele, akashukuru, na hayo mengine akayaona kesho yake. Alinipaka mafuta ya kondoo mikononi. Jua lilivyozunguka naye alihama, akawa upande ule linakopiga. Nikadhani anatafuta upepo. Kila nilipouliza, "Baba atarudi saa ngapi?" alinijibu, "Atarudi," kwa sauti ya mtu anayetoa habari mbaya.

Mimi niliona siku ile haina mwisho. Magamba ya matope yalinidondokea kichwani, kiu ilinikausha ulimi, na mara mbili nilijikojolea kidogo kwa hofu ya kutoka. Jua lilipokuwa linagusa ardhi, lori jingine likasimama na baba akashuka, amebeba shafti begani, kope zake nyeupe kwa vumbi kuliko zangu.

Mama alitoka uvunguni akajipangusa.

"Mbona umewahi hivi?" akamwuliza.

Mimi nilicheka kwa nguvu. Niliona ni mzaha mzuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Baba hakucheka. Aliilaza shafti chini, akaketi kando ya mama, wakatazama mbele, mpaka nikawauliza kama tunaendelea au hatuendelei.

Kesho yake tulifika kwenye nyumba ndefu. Ilikuwa shule ya bweni ya watoto wenye macho hafifu, na vibarazani walikuwapo watoto wenye nywele kama zangu, wamevaa kofia, wanacheza mchana. Mchana! Niliuachia mkono wa mama bila kuaga. Niliporudi kumwonyesha rafiki niliyempata, lori halikuwapo. Mwalimu alikuwa ameshika sanduku la magauni yangu.

Niliwakasirikia kwa miaka. Hata nilipojua kusoma, hata nilipoanza kufundisha watoto wa darasa la kwanza, nilisema moyoni kwamba walinitoa kifungo kimoja wakanitia kingine, tena kwa hila ya vizibo. Bibi alikufa nikiwa huko. Mama naye aliondoka kabla sijapata akili ya kumwuliza.

Nilimwuliza baba alipokuwa mzee, tukinywa chai kwangu. Nikamwambia ule ulikuwa mpango wake. Akatikisa kichwa. Mpango ulikuwa wa mama. Muuguzi mmoja wa kliniki ndiye aliyemweleza habari za shule hiyo, naye mama akamsumbua baba mwaka mzima mpaka akakubali.

"Na siku ile Wembere?" nikamwuliza. "Ulikawia sana."

Baba alizungusha kikombe chake mezani.

"Shafti niliipata mapema. Lori la kwanza la kuja Igunga lilinipita nimekaa barazani, shafti iko mapajani. Sikulipungia mkono. Nilijua nikifika, tutaondoka."

Nikamwongezea chai. Nilikuwa nafikiria gari lile bovu katikati ya nyika, mama yangu chini yake, baba yangu kwenye kibaraza cha Nzega, kila mmoja amekwama alipo na hataki kukwamuliwa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na haraka ya kufika.